Malengo ya Mwalimu Bonjuu

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Mwalimu mpya wa Kifaransa alizijaza tano kwa muda ambao mama yake alitumia kushona mfuko mmoja wa suruali. Jina, elimu, afya, anwani, mtu wa kuarifiwa likitokea jambo: yote hayo yalikuwa maji ya kunywa. Ukurasa wa sita ndio uliomkalisha. Swali la mwisho liliandikwa kwa herufi nene: eleza malengo yako ya muda mrefu katika kazi, baada ya miaka mitano, kumi na ishirini. Chini yake kulikuwa na mistari kumi na miwili inayomkodolea macho.

Wanafunzi walimpachika jina la Bonjuu, kutokana na salamu yake ya Kifaransa, tangu wiki ya kwanza, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Sasa hata wazazi wake walimwita hivyo, mama kwa mapenzi, baba kwa kujigamba mbele ya majirani. Kipindi chake cha majaribio kilikuwa kimebakiza wiki moja na siku chache. Fomu ikipita, angethibitishwa kazini. Isipopita, angerudi kukaa ubavuni mwa cherehani akikata nyuzi na kukunja nguo za wateja, kazi aliyoifanya mwaka mzima baada ya chuo na kuapa kwamba hatairudia hata kwa viboko. Akashika kalamu akaandika ukweli wake, mistari miwili na nusu: angependa kufundisha kidato cha kwanza mpaka atakapostaafu, na kila mwaka afundishe vizuri zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Baba yake alikuwa anangoja zamu yake upande wa pili wa meza, miwani imeshafutwa mara mbili. Katika nyumba ile hakuna karatasi iliyokwenda ofisi yoyote bila kupita mikononi mwake. Alikuwa msaidizi wa masjala kwa miaka thelathini na moja, kazi yake kupokea barua, kuzipa namba na kuzilaza kwenye mafaili yake, na alipostaafu aliondoka na mashine ya taipu ambayo ofisi ilitaka kuitupa. Mtaa mzima ulimwita Karani. Alisoma jibu la binti yake, akaigeuza karatasi kuona kama jibu limeendelea nyuma.

"Haya ni malengo au ni kilio?" akauliza.

"Ni malengo, baba."

"Baada ya miaka mitano utakuwa wapi?"

"Kidato cha kwanza."

"Kumi?"

"Kidato cha kwanza."

"Ishirini?"

"Si ameshakwambia?" mama akadakia bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Mtoto ametulia na kazi yake. Wewe unataka ahamie wapi, mwezini?"

"Wewe shona suruali za watu," Karani akasema. "Mambo ya fomu niachie mimi. Bonjuu, sikiliza. Mkubwa akifungua fomu akakuta weupe, anajua huyu hana haja. Mistari kumi na miwili wamekupa, wewe umeweka miwili. Ni sawa na kukaribishwa chakula ukaramba kijiko ukanawa."

"Miwili na nusu."

"Hiyo nusu ndiyo inaniumiza zaidi. Nenda kalale. Nitainyoosha kidogo tu."

Kunyoosha kwa Karani kulisikika mpaka kwa jirani. Taipu ilidonoa, ikakohoa, ikadonoa tena. Asubuhi ukurasa mpya ulikuwa mezani, umepangwa ukapangika, na mahali pa saini pamewekewa alama ndogo ya penseli. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba: ukiona alama, unatia saini. Kusoma kabla ya kusaini kulikuwa tusi kwa mwenye nyumba, na Karani akitukanwa alikuwa na tabia ya kususa chai siku tatu. Mama aliwahi kusaini maombi ya kuunganishiwa maji kwenye nyumba waliyokuwa wameshaihama, na hakuuliza. Bonjuu alikuwa amechelewa, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akasaini, akaikunja fomu, akakimbia.

*

Katika chumba cha walimu Bonjuu hakuwa na kiti. Viti vilikuwa kumi na saba, walimu kumi na wanane, na yeye ndiye aliyekuja mwisho. Kwa miezi sita alikaa juu ya boksi la vitabu vya zamani karibu na mlango, na kila aliyeingia alimgonga goti, wengine wakaomba radhi, wengine hawakuona haja. Chai ikija, alihudumiwa mwisho, mara nyingi na majani ya chini ya birika. Hakulalamika. Alisema moyoni kwamba kiti chake halisi ni darasani, ambako kwa kweli hakukaa kabisa.

Jumatatu alimkabidhi Makamu wa Mwalimu Mkuu ile fomu. Jumanne alipofika, Mwalimu wa Hesabu, mwanamume mnene ambaye hakuwahi kumpisha hata mjamzito, aliinuka na kupangusa kiti chake kwa kiganja.

"Kaa, Mwalimu."

"Mimi?"

"Kaa tu. Unipe na mkoba nikutundikie."

Jumatano chai yake ilikuja ya kwanza, na maziwa. Mwalimu wa Jiografia alimvuta pembeni akamweleza kwa sauti ya chini habari za mgongo wake, kwamba zamu za lango siku za Ijumaa zinamwumiza, na kwamba hana haraka, atasubiri hata miaka mitano, mradi asisahauliwe. Bonjuu alimpa pole ya mgongo. Mwalimu wa Jiografia akamkonyeza na kwenda zake. Kufikia Alhamisi asubuhi Bonjuu alikuwa hajui alie au ashukuru, maana kila alipopita watu walisimama, na alipokwisha kupita walicheka.

Mtu mmoja tu hakumwinukia. Mwalimu Mkuu, mwanamke aliyeikalia ofisi yake kwa miaka kumi na minne, aliyekuwa na mazoea ya kufunga mlango kwa ufunguo hata akienda chumba cha pili, alikutana naye kwenye ngazi.

"Shikamoo, Mkuu," Bonjuu akasema.

Mkuu alimtazama kuanzia viatu kupanda juu, polepole, hakuitika. "Kesho saa nne," akasema. "Mbele ya bodi. Usichelewe, maana naona una safari ndefu."

Bonjuu alirudi chumba cha walimu mbio akamshika Mwalimu wa Hesabu mkono. "Niambie. Nimefanya nini?"

"Hujui?"

"Sijui!"

Mwalimu wa Hesabu alichungulia mlangoni, kisha akatoa mfukoni karatasi aliyoinakili kwa mkono wake mwenyewe. Hapa shuleni, alieleza, swali lile walimu wote hulijibu sawasawa. Yuko mzee mmoja aliyeshastaafu zamani, aliandika kwamba lengo lake ni kujiendeleza na kushirikiana na uongozi, na tangu hapo kila mwalimu ananakili kwa mwenzake, mwaka hadi mwaka, na Mkuu anapiga muhuri bila kusoma. Bonjuu angemwuliza mtu yeyote angepewa. "Lakini wewe," akasema, na kukohoa kidogo, akasoma: "'Baada ya miaka mitano nitakuwa nimeketi katika kiti cha Mwalimu Mkuu. Baada ya miaka kumi nitakuwa mkaguzi wa lugha zote. Baada ya ishirini nitakuwa wizarani, katika ofisi yenye zulia. Aidha, sitangoja miaka hiyo itimie ndipo niisafishe masjala ya shule hii, ambayo nimeikuta katika hali ya kusikitisha inayotia shaka uangalifu wa wakuu wake.'"

Chumbani watu wengine walijifanya wanasahihisha madaftari.

"Ile 'aidha'," Mwalimu wa Hesabu akasema kwa heshima, "Makamu alicheka mpaka akatoka nje kupunga upepo."

Bonjuu hakuhitaji kuambiwa zaidi. Duniani alimjua mtu mmoja tu anayesema aidha hata anapoomba chumvi. Na masjala alijua imetoka wapi: ni yeye mwenyewe aliyesimulia mezani, huku akicheka, kwamba barua yake ya kuomba kazi ilipotea pale shuleni mara mbili, akaipeleka mara ya tatu. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona woga wa waziwazi, kwa sababu alikipenda kidato cha kwanza kuliko alivyowahi kupenda kitu kingine chochote alichokipata kwa jasho lake.

*

"Wameisoma?" Karani akauliza, uso umemkunjuka.

"Wameisoma, baba. Mpaka mpika chai ameisoma."

"Basi lengo limefika. Fomu ni kusomwa."

"Wanataka kunifukuza!"

Mama akasimamisha cherehani. Ilikuwa nadra, na wote wawili wakamgeukia. Bonjuu alitoa yote, kiti, chai yenye maziwa, mgongo wa Mwalimu wa Jiografia, ngazi, saa nne kesho. Alipofika kwenye ile sehemu ya zulia, mama aliziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anakishona, mabega yakawa yanamtikisika, na haikujulikana mara moja kama ni kilio.

"Usicheke, mama."

"Sicheki. Zulia, jamani! Zulia la rangi gani?"

"Hayo ndiyo malengo ya mtu aliyesoma," Karani akasema, lakini sauti ilikuwa imeanza kupungua. "Mimi nilitaka wajue wamepata mtu, si takataka. Kesho nitakwenda mwenyewe, nitawaeleza kwamba..."

"Huendi popote," Bonjuu akasema. Hakuwahi kumwambia baba yake hivyo. "Nimesaini. Nikisema baba ndiye aliyeandika, nitakuwa mwalimu anayeandikiwa na baba yake. Hayo yote ya kiti na wizara, nani alikwambia nayataka?"

Aliyejibu ni mama, na hakuwa anacheka tena. "Hakuambiwa na mtu. Ni ya kwake. Alitaka kuwa mkuu wa masjala. Wakuu sita wamepita, wote yeye ndiye aliyewafundisha kazi, wote wakamwacha msaidizi."

"Hilo halihusiani," Karani akasema.

"Linahusiana."

Mzee alivua miwani akaifuta, akavaa, akavua tena. "Miaka thelathini na moja," akasema, "nimepokea fomu kama hizo za watu wengine, nikazipa namba. Malengo ya huyu, malengo ya yule. Mimi hakuna aliyenipa hata siku moja. Walisema msaidizi hajazi." Akaangalia mashine yake ya taipu. "Nilipoona mistari ile kumi na miwili, ilinitia tamaa. Nisamehe, mwanangu."

Bonjuu alikuwa amejiandaa kugomba, na maneno alikuwa nayo, mengine ya Kifaransa. Yote yakamtoroka. Alimhurumia baba yake, na bado alikuwa na hasira naye, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja usiku kucha bila kusemezana.

*

Bodi ilikuwa watu watatu: Mwalimu Mkuu, Makamu, na mjumbe wa wazazi, ambaye alikuwa mwenye duka la kuoka mikate na alikuja na unga kwenye nyusi. Fomu ilikuwa mezani, ukurasa wa sita juu.

"Hii umeandika wewe?" Mkuu akauliza.

"Saini ni yangu," Bonjuu akasema. "Kilicho juu ya saini yangu ni changu."

"Kwa hiyo unakitaka kiti hiki." Mkuu alikishika kwa mikono yote miwili alipokitaja, kama kitatembea.

"Hapana, Mkuu. Sikitaki."

"Hapa umesema unakitaka. Sasa unasema hukitaki. Umebadilika tangu Jumatatu?"

"Nataka kidato cha kwanza. Mwaka huu, na mwaka wa kumi, na wa ishirini. Kama mkinikuta siku moja nimeomba kitu kingine, mjue naumwa."

Makamu akaangalia dari. Mkuu alitabasamu kwa mara ya kwanza, na halikuwa tabasamu la kumtia mtu moyo. "Miaka kumi na minne niko hapa. Wote waliokitaka waliniambia hawakitaki. Wewe ndiye wa kwanza kuandika, na sasa unaingia kwenye mstari na wenzako."

"Hebu ngoja," mwoka mikate akasema. "Kwa nini cha kwanza? Wale si ndio wanaopiga kelele?"

"Ndio hao." Bonjuu alisahau kidogo kwamba anahukumiwa. "Wakija, wanadhani kuna lugha za watu wenye akili na wao hawamo. Siku ya kwanza namfundisha mtoto kusema jina lake tu na kwamba ana njaa. Anasema, mwenzake anamwelewa, wote wawili wanacheka. Hawajui wanacheka nini. Siku hiyo inakuja mara moja tu kwa kila mtoto, na haiko kidato cha pili. Mimi nataka niwepo."

Mwoka mikate alipangusa nyusi, unga ukaanguka kwenye fomu. "Mwanangu anadai mkate kwa Kifaransa," akasema. "Nilidhani ananitukana. Mimi kwangu amepita."

Mkuu alimtazama Makamu. Makamu, mtu wa kutazama upepo, alisema kwamba kwa upande wake haoni tatizo kubwa, kama Mkuu naye haoni. Mkuu akafunga fomu.

"Sawa. Majina ya wanaothibitishwa yanaondoka Jumatatu saa sita mchana. Barua yako inahitaji namba ya faili lako." Akavuta droo, akatoa ufunguo. "Bahati mbaya faili lako halionekani. Wiki nzima katibu wangu analitafuta. Wewe ndiye bingwa wa masjala yetu ya kusikitisha. Ufunguo huu hapa. Ukilipata, nasaini. Usipolipata kabla ya saa sita, sina la kukusaidia."

*

Masjala ilikuwa chumba kirefu nyuma ya ghala la majembe na mafagio. Ijumaa jioni Bonjuu aliwaomba wazazi wake wote wawili waje kumsaidia. Karani alipofunguliwa mlango Jumamosi asubuhi, amevaa koti lake la kustaafu, alisimama kizingitini. Mafaili yalikuwa sakafuni, dirishani, ndani ya ndoo. Mengine yalikuwa yameshikilia mguu wa kabati. Bonjuu aliogopa kwamba mzee atazimia. Badala yake mzee alikunja mikono ya koti.

"Nani aliyewafanyia watu hawa hivi?" akasema kwa huruma, akimaanisha mafaili. "Bonjuu, toa kila kitu nje. Mama Bonjuu, sindano na uzi mnene. Migongo imepasuka yote."

Kazi ilichukua Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Mama alikaa kwenye ngazi akishona migongo ya mafaili kwa mshono uleule wa suruali, akinung'unika kwamba wateja wake watamtafuta. Karani alipanga kwa herufi, kisha kwa miaka, akapiga kibandiko cha kila rafu kwa taipu waliyoibeba kwa mkokoteni. Bonjuu alibeba, akapanda, akashuka, akafokewa kwa kuweka 2 kabla ya 1. Faili lake lilitokea Jumapili jioni ndani ya faili la wauza mkate, kwa sababu barua yake na bei mpya za mkate vilifika shuleni siku moja. Bonjuu alipiga kelele, akalirukia.

"Weka chini," Karani akasema.

"Baba, nampelekea Mkuu nyumbani kwake sasa hivi!"

"Faili halitoki masjala mkononi mwa mwenye faili. Kanuni ya kwanza. Ukilibeba wewe, kesho atasema umeliandika jana. Aje achukue mwenyewe." Akalipa namba, akalilaza kwenye rafu mahali pake.

Jumatatu Bonjuu alifundisha vipindi viwili bila kujua anafundisha nini, kisha akatuma ujumbe kwa katibu kwamba faili limepatikana. Saa tatu ikapita. Saa nne. Alikaa masjala na baba yake akijiuma kucha, akimsihi, na mzee akichora mistari kwenye daftari kubwa kwa rula, taratibu, kana kwamba dunia haina saa sita. Saa tano na nusu viatu vilisikika. Mwalimu Mkuu alitokea mlangoni. Alitazama rafu kutoka mwanzo hadi mwisho. Aligusa mgongo wa faili mmoja, akauona mshono.

"Naomba faili la mwalimu wa Kifaransa," akasema.

Karani alilitoa bila kutafuta. Lakini hakunyoosha mkono kumpa. Aligeuza lile daftari kubwa likamwelekea Mkuu, akaweka kalamu juu yake. "Saini hapa kwanza, Mkuu. Jina, tarehe, sababu ya kuchukua."

"Baba," Bonjuu akanong'ona. "Baba, tafadhali."

"Mzee," Mwalimu Mkuu akasema polepole, "hii ni shule yangu."

"Ndiyo, Mkuu. Na hapa ni masjala."

Wakatazamana. Bonjuu alihesabu rafu, kwa Kifaransa, akafika saba. Nje kengele ya kubadilisha vipindi iligonga na watoto wa kidato cha kwanza wakaanza kumwita kutoka uwanjani, wote kwa pamoja, kwa lile jina lake. Mwalimu Mkuu aligeuza shingo akasikiliza. Kisha akavuta pumzi, akashika kalamu, akainama.

Aliandika jina lake. Aliandika tarehe. Kwenye sababu alisita, na Karani alisubiri kwa adabu zote, mikono nyuma, kama alivyowasubiri wakubwa maisha yake yote, isipokuwa safari hii kalamu ilikuwa yake. Mkuu akaandika: kumthibitisha kazini. Karani alisoma, akapulizia wino, akamkabidhi faili kwa mikono miwili.

Viatu vilipokwisha kusikika, mzee alibaki akilitazama lile daftari kwa muda. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, na hakutaka yaonekane.

"Msaidizi," akasema, bila kugeuka, "funga mlango. Vumbi linaingia."

Bonjuu akaenda akaufunga.